Uzito wa muziki unakaa wapi

Kwa miezi kadhaa sasa kuna albamu mbili ninazozipiga moja baada ya nyingine, karibu kila usiku. Ya kwanza ni Loveless ya My Bloody Valentine, iliyotoka Novemba 1991. Ya pili ni Sunbather ya Deafheaven, ya mwaka 2013. Wenye kupanga muziki katika mafungu huziweka mbali kabisa: ile ni roki mbadala, hii ni metali. Katika ile watu wawili wanaimba kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Katika hii kuna mtu anapiga ukemi kana kwamba nyumba inaungua. Lakini nikizifuatanisha, taa zimezimwa na spika za masikioni zimekaa vizuri, nasikia kazi ya aina moja. Gitaa limetandazwa mpaka likawa ukuta, na nyuma ya ukuta kuna wimbo mtamu unaoomba usikilizwe.

Ndiyo maana mtu akiniuliza nasikiliza nini siku hizi, nakwama. Nikianza kutaja mafungu (metali nyeusi, metali ya mauti, metali ya kiama, shugezi, grenji) nampoteza kabla sijafika popote, kwa sababu majina hayo hayamwambii mgeni ni kitu gani hasa kitamfika sikioni. Afadhali nianze na swali ambalo majina yote hayo yanalizunguka. Tunaposema muziki fulani ni mzito, uzito huo uko wapi? Umewekwa na nini?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba ni sauti kubwa. Hapana. Ukubwa wa sauti uko mikononi mwa msikilizaji. Punguza mpaka ubaki mnong'ono: wimbo mwepesi utabaki mwepesi, na Black Sabbath, bendi ya metali ya Uingereza, watabaki wazito vilevile. Jibu la pili ni kasi, nalo halisimami, maana baadhi ya muziki mzito kuliko wote ninaoujua unakwenda kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Kuna kitu kingine, au tuseme kuna vitu kadhaa vinavyosaidiana, na cha kwanza ni hitilafu ya umeme.

Sauti ya gitaa la umeme inapotoka kwenye nyuzi ni wimbi linalopanda na kushuka kwa ulaini. Kazi ya amplifaya ni kulikuza wimbi hilo. Lakini kila amplifaya ina dari yake. Ukiitaka ikuze kupita dari hiyo haiwezi. Vilele vya wimbi vinakatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa vilele si lile la mwanzo tena. Limezaa sauti nyingine juu ya noti ya asili, nyingi na kali, ambazo mpigaji hakuzipiga. Huo ndio mkwaruzo, au distoshoni kama wapiga gitaa wanavyouita. Mafundi wa zamani waliuhesabu kuwa ni kasoro ya kurekebishwa. Wanamuziki wakaupenda. Link Wray alitoboa spika ya amplifaya yake kwa penseli ili ikwaruze, na rekodi yake ya mwaka 1958, Rumble, haina hata neno moja la kuimbwa lakini bado inatisha. Dave Davies wa The Kinks aliichana spika yake kwa wembe, na mwaka 1964 mchano huo ukasikika redioni kila mahali.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mkwaruzo hauchafui sauti tu, unairefusha pia. Kwa kuwa vilele vimekatwa, tofauti kati ya noti iliyopigwa sasa hivi na noti inayofifia inakuwa ndogo. Noti inakaa hewani. Gitaa linaacha kuwa chombo cha kudonoa, likawa jamaa wa kinanda kikubwa cha kanisani, kile kinachotoa sauti kwa pumzi. Nikiisikiliza Loveless kwa masikio hayo, naelewa kwa nini inanitulia kifuani badala ya kunichoma. Kevin Shields, mpiga gitaa wa bendi hiyo, hupiga nyuzi huku ameushika mkono ule wa chuma unaozilegeza na kuzikaza, kwa hiyo noti hazisimami wima. Zinayumba kama kitu kinachoonekana ndani ya maji. Na sauti za waimbaji hazikuwekwa mbele. Zimekalishwa usawa mmoja na magitaa, ndiyo maana unalazimika kusogea kuzifuata.

Halafu kuna hesabu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Uzi mzito wa gitaa, ukitiuniwa kawaida, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Mpigaji akiongeza noti ya tano juu yake (ya tano ukihesabu ngazi ya muziki kuanzia ile ya msingi), ile inayotetemeka takriban mara 123, na zote mbili zikapita pamoja katika amplifaya iliyozidiwa, huzaliwa noti nyingine ambayo ni tofauti ya hizo mbili: 41. Hiyo ni noti ileile ya msingi, oktavu moja chini, yaani nusu ya mitetemo yake, pale ambapo besi hukaa. Hakuna kidole kilichoigusa, na bado unaisikia kifuani. Sasa badilisha: badala ya noti ya tano weka ile ya tatu, noti inayoamua kama wimbo una furaha au huzuni. Katika gitaa safi inapendeza. Katika mkwaruzo mzito sauti zake zinagongana na za mwenzake na kuwa tope. Kwa sababu hiyo metali na panki zimezoea kupiga noti mbili tu, ya msingi na ya tano. Na kwa sababu hiyohiyo sehemu kubwa ya muziki huu haisemi kama umefurahi au umehuzunika. Noti ya kulisema hilo imeondolewa. Mtu aliyezoea kuongozwa na wimbo katika hisia zake hujikuta ameachwa njiani, na nadhani wengi wanaosema "hizi ni kelele" wanalalamikia upweke huo zaidi ya wanavyolalamikia kelele zenyewe.

Black Sabbath ndio waliogundua upweke huo una nguvu kiasi gani. Tangu mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, afariki Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya onyesho lake la mwisho katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, nimekuwa nikirudi kwenye albamu zao za mwanzo. Hadithi ya mpiga gitaa wao inasimuliwa sana, lakini ina maana ya kiufundi ambayo mara nyingi hupitwa. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza. Baadaye akazilegeza pia, na katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 ameshuka semitoni tatu katika nyimbo kadhaa: uzi uliokuwa ukitetemeka mara 82 sasa unatetemeka kama mara 69. Uzi uliolegea unatikisika kwa upana zaidi, unachelewa kutulia, na sauti yake ina kitu cha kuning'inia. Mtu alikuwa akitafuta nafuu ya maumivu, akapata sauti iliyofuatwa na vizazi.

Ukitaka kusikia mwanzo wenyewe, sikiliza wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, iliyotoka Februari 13, 1970. Mvua, kengele, kisha noti tatu. Ya kwanza na ya pili ni noti moja katika oktavu mbili, chini na juu. Ya tatu inatua nusu ya njia, mahali ambapo sikio halitaki kukaa. Wanakaa hapo. Kisha wanarudia, polepole, wala hawana haraka ya kukutoa.

Sasa, roki mbadala inaingia wapi katika hadithi hii? Neno lenyewe linasumbua. Mbadala wa nini? Katika miaka ya 1980 lilikuwa na maana iliyo wazi: muziki uliopigwa na redio za vyuo vikuu vya Marekani, ambao redio kubwa hazikuutaka. Septemba 1988 jarida la Billboard likaanzisha chati yake. Januari 1992 Nevermind ya Nirvana ikaiondoa Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya albamu, na tangu siku hiyo mbadala ukawa ndio wenyewe. Upande wa metali nao majina hayakuwa imara zaidi. Mwaka 1989, Grammy ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya roki ngumu na metali, haikwenda kwa Metallica, bendi ya metali, bali kwa Jethro Tull, bendi inayojulikana kwa filimbi.

Ukiacha majina ukafuata maji, mto ni mmoja. Mwaka 1984 Black Flag, bendi ya panki iliyosifika kwa kasi, ilitoa My War, na upande wa pili wa sahani hiyo ulikuwa mwendo wa kujikokota kama wa Sabbath. Vijana wa panki wengi waliuchukia. Wachache katika jimbo la Washington waliupenda kupita kiasi, wakiwemo bendi ya Melvins, na miongoni mwa mashabiki wa Melvins alikuwemo Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana. Kwa hiyo grenji, muziki wa Nirvana na wenzao, iliyosemekana kuja kuiua metali, ilikuwa imebeba damu ya Iommi tangu tumboni. Sioni sababu ya kulazimishwa kuchagua upande.

Turudi kwenye ukuta. Metali nyeusi, ile ya Norway ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina mbinu moja ambayo mgeni huisikia vibaya mara ya kwanza. Mpiga gitaa anadonoa noti moja mfululizo, kwa kasi kubwa. Chukua mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, kila pigo madonoo manne: hayo ni madonoo 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kila sekunde. Sikio linashindwa kuyatenganisha, linayaunganisha kuwa mstari mmoja unaotetemeka. Lakini hiyo ni kasi ya mkono. Ukihesabu noti zinabadilika mara ngapi, utakuta wimbo wenyewe unakwenda taratibu, wakati mwingine noti moja kwa sekunde mbili. Ukiisikiliza metali nyeusi kwa kufuata ngoma utachoka baada ya dakika tatu. Ukiacha ngoma zipite kama mvua juu ya paa na kufuata noti zinazobadilika, utashangaa jinsi ulivyo muziki wa upole. Mimi ilinichukua miaka kulijua hili, na hakuna aliyeniambia. Ningefurahi sana kama mtu angeniambia.

Siwezi kuitaja Norway nikanyamaza kuhusu mengine. Katika kundi lile la mwanzo watu walichoma makanisa na watu waliuawa, na hadi leo kuna bendi za metali nyeusi zinazobeba chuki ya rangi waziwazi. Mimi huwa naangalia kwanza ni nani ninayempa masikio yangu. Si kazi ngumu, na upande wa pili kuna utajiri mkubwa. Panopticon, ambayo ni kazi ya mtu mmoja, ilitoa Kentucky mwaka 2012: metali nyeusi inayopokezana na banjo na nyimbo za zamani za vyama vya wachimba makaa ya mawe. Banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika, kimesimama katikati ya dhoruba ile bila kupotea. Naipiga albamu hiyo kila ninapokutana na mtu anayedhani muziki huu ni wa watu waliokata tamaa ya wenzao.

Aliyeona mapema kwamba ukuta wa Norway na ukuta wa My Bloody Valentine ni matofali yaleyale ni Mfaransa anayejiita Neige, mwenye bendi ya Alcest. Albamu yake ya mwaka 2007, Souvenirs d'un autre monde, ilichukua magitaa ya metali nyeusi ikayatia mwanga wa jua na sauti laini. Wasikilizaji wa pande zote mbili walikaa wakijiuliza hiki ni nini. Les Chants de l'Aurore, ya mwaka 2024, inaendelea na mwanga huo, na kwa asubuhi ndiyo ninayoitegemea. Deafheaven walikwenda njia hiyohiyo kutoka San Francisco, lakini wao waliuacha ukemi ubaki. Na sasa lile jambo la noti ya tatu linarudi: nyimbo za Sunbather zimejaa ile noti ya furaha ambayo metali ilikuwa imeiweka kando. Wimbo wa kwanza, Dream House, unapaa kama watu wanaokimbilia baharini, na juu yake George Clarke anapiga kelele za mtu anayekosa kitu maisha yake yote. Furaha ya magitaa na maumivu ya koo, kwa wakati mmoja, dakika tisa. Waliosema kwamba bendi yenye jalada la rangi ya waridi haiwezi kuwa ya metali nyeusi walikuwa wakibishana kuhusu jalada.

Mwaka 2021 Deafheaven walitoa Infinite Granite, na Clarke akaimba karibu yote kwa sauti safi. Niliiheshimu bila kuipenda. Machi 2025 wakaja na Lonely People with Power, ukemi umerudi, ngoma zimerudi, lakini ule usafi waliojifunza haukutupwa. Ndiyo albamu niliyoisikiliza mara nyingi zaidi mwaka ule. Inanionyesha kitu kuhusu uzito ambacho albamu iliyo nzito mwanzo hadi mwisho haiwezi kuonyesha: sehemu nzito inapata nguvu kutokana na sehemu iliyotangulia, ile uliyoamini kwamba itabaki tulivu.

Nimetaja mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Nilikuwa nikiifikiria Mirror Reaper ya Bell Witch, ya mwaka 2017. Ni wimbo mmoja wa dakika 83. Hakuna gitaa la kawaida ndani yake: kuna besi, ngoma, kinanda na sauti za watu. Bendi hii ya Seattle ni ya watu wawili, na mwaka 2016 Adrian Guerra, aliyekuwa mpiga ngoma wao, alifariki. Dylan Desmond, mpiga besi, na Jesse Shreibman, mpiga ngoma aliyechukua nafasi hiyo, wakatengeneza maombolezo, na katikati yake wakaweka sauti ya Guerra mwenyewe, iliyokuwa imerekodiwa kwa ajili ya albamu iliyotangulia na ikabaki bila kutumika. Ukifika hapo hujaambiwa chochote, sauti tu inabadilika, na unajua kuna mtu mwingine chumbani.

Lakini nataka kueleza kwa nini polepole ni nzito, maana si jambo la wazi. Pigo la ngoma likitokea, akili inaanza kulisubiri linalofuata. Mapigo yakikaribiana, kusubiri ni kufupi, na mwili unaweza kucheza kwa sababu jibu linakuja mara. Yakiachana sekunde tatu, nne, mwili unaacha kucheza. Kinachobaki ni kusikiliza noti inavyokufa: jinsi ukali wake unavyoondoka kwanza, kisha mwili wake, mpaka ibaki mguno wa amplifaya. Na pigo linalokuja baada ya kusubiri huko linaangukia mtu ambaye hana ulinzi. Metali ya kiama imejengwa juu ya kusubiri huko. The Cure, ambao hakuna anayewaita metali, walifanya jambo hilohilo Novemba 2024 katika Songs of a Lost World, albamu yao ya kwanza baada ya miaka 16. Wimbo wa kwanza, Alone, unakwenda zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajafungua mdomo. Anapoimba, tayari umeshabeba mzigo, naye anakuja tu kukuambia ni wa nini.

Kuna uzito mwingine ambao ni wa hesabu tupu. Meshuggah, kutoka Umeå nchini Sweden, hutumia magitaa ya nyuzi nane. Uzi wao wa chini kabisa unatetemeka takriban mara 44 kwa sekunde, karibu na uzi mzito wa besi ya kawaida, ambao ni 41. Lakini kinachochanganya watu ni mahesabu yao ya mapigo. Fikiria matoazi yanahesabu nane, nane, nane, bila kubadilika. Chini yake gitaa na ngoma ya mguu vinarudia rifu (kipande kifupi kinachopigwa tena na tena) yenye hesabu saba. Rifu inaisha mapema na kuanza tena, kila mara mahali tofauti ndani ya ile nane, na vitu hivyo viwili havitakutana mwanzoni mpaka hesabu ya 56. Huo ni mfano mwepesi. Wao hufanya magumu zaidi. Siri ya kuwasikiliza ni kuchagua: tikisa kichwa na matoazi, usifuate gitaa. Ukifanya hivyo, utahisi sakafu inasogea chini ya miguu yako huku wewe umesimama. Bleed, wa mwaka 2008, bado unanifanya nicheke kwa furaha kila ninapousikia.

Duma nao, wawili kutoka Nairobi, walifikia msogeo kama huo kwa mashine. Jina lao ni giza kwa Kikuyu. Albamu yao ya mwaka 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, imeyachukua mapigo ya kasi ya metali ikayatengeneza kwa elektroniki mpaka yakapita uwezo wa mikono ya binadamu. Aliyekuwa mwimbaji wao, Lord Spikeheart, ametoa The Adept mwaka 2024, na humo koo lake linafanya mambo ambayo nimeyasikia kwa watu wachache sana.

Koo, kweli. Ndilo linalowafukuza wengi, na ndilo linaloelezwa kidogo. Mngurumo wa metali ya mauti si mtu anayejichana koo. Juu ya nyuzi za sauti tunazotumia kuzungumza kuna mikunjo mingine ya nyama ambayo kwa kawaida haitetemeki. Mwimbaji aliyejifunza huifanya itetemeke kwa pumzi iliyodhibitiwa, na ndiyo inayotoa ule mngurumo mpana wa chini. Anayefanya vibaya hupoteza sauti baada ya nyimbo mbili. Anayejua hufanya hivyo usiku baada ya usiku. Na ukiitazama kwa jicho la muziki, ni kitu kilekile kilichofanywa kwa gitaa: wimbi safi limekwaruzwa, limeongezewa sauti nyingine juu yake, limepoteza noti moja inayotambulika. Mngurumo ni ngoma zaidi kuliko wimbo. Usiutafutie melodia; sikiliza silabi zake zinavyoanguka juu ya ngoma.

Kwa kulinganisha, Raygun Busch, mwimbaji wa Chat Pile, hangurumi wala haimbi. Anasema, anaropoka, analia. Bendi hiyo ni ya Oklahoma City, na jina lake ni la milima ya mabaki yenye sumu iliyoachwa na migodi ya madini ya risasi na zinki katika jimbo hilo, ile iliyoufanya mji wa Picher uhamwe. Katika God's Country ya mwaka 2022 kuna wimbo unaoitwa Why, na swali lake ni moja: kwa nini kuna watu wanaolala nje wakati majengo yapo? Analirudia mpaka linaacha kuwa swali la siasa na kuwa swali la mtoto, ambalo mtu mzima hana jibu lake. Rifu yao ni ngumu, besi inakwaruza kama chuma juu ya saruji, lakini uzito umekaa kwenye swali. Cool World, ya mwaka 2024, ni pana zaidi na imetengenezwa vizuri zaidi. Bado narudi kwenye ile ya kwanza.

Kinyume chake kabisa ni Blood Incantation wa Denver. Absolute Elsewhere, iliyotoka Oktoba 2024, ina nyimbo mbili tu, kila mmoja umegawanywa sehemu tatu, na ilirekodiwa katika studio za Hansa mjini Berlin. Metali ya mauti ya kasi inakatika ghafla na unajikuta ndani ya vinanda vya elektroniki vya taratibu. Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, kundi la Ujerumani la muziki wa elektroniki, amealikwa kuvipiga. Wengine wanaona ni majigambo. Mimi naona ni watu wanaoupenda muziki wote waliousikia maishani na hawakutaka kuficha hata kimoja.

Nimeiacha mwisho bendi ambayo haina rifu hata moja ya metali. Low walianza mwaka 1993 huko Duluth, Minnesota, wakati grenji ilikuwa juu kabisa, na wao wakaamua kupiga taratibu na kwa sauti ya chini. Alan Sparhawk kwenye gitaa, mkewe Mimi Parker kwenye ngoma akiwa amesimama, wote wawili wakiimba. Miaka 25 baadaye, katika Double Negative ya mwaka 2018, waliingia studio na mtayarishaji BJ Burton na kuiharibu sauti yao yote. Si gitaa peke yake. Kila kitu, pamoja na sauti zao wenyewe, kilipitishwa kwenye dari ile ya umeme niliyoieleza mwanzoni mpaka kikachanika. Mwaka 2021 wakafanya HEY WHAT kwa njia hiyo, lakini sasa sauti mbili zile zimewekwa mbele, wazi, na ni vyombo vinavyovunjika kuzizunguka.

Wimbo ninaourudia ni Days Like These. Unaanza na wao wawili tu, karibu bila chombo, wakiimba kama watu walio kwenye benchi moja la kanisa. Unaanza kutulia. Kisha ubeti unaofuata unaingia na sauti zilezile, melodia ileile, zimekwaruzwa kiasi kwamba unashtuka na kuangalia kama spika imeharibika. Haijaharibika. Wanaimba vilevile, kwa utulivu uleule, ndani ya uharibifu huo. Baadaye maneno yanapungua, mkwaruzo unaondoka, na nusu ya pili ya wimbo inayeyuka taratibu. Mimi Parker alifariki Novemba 2022, na HEY WHAT ikawa albamu ya mwisho ya Low. Huwa nauacha uishe wenyewe mpaka kimya, kisha sipigi kitu kingine usiku huo.